Nondo ya nje imepigwa ushuru, ya ndani imepanda bei: hapa analindwa nani?

MamaNondo_Moro

Wakuu, habari za majukumu.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, njia ya kwenda Kihonda, mwaka wa kumi na moja huu. Saruji inaniletea watu, misumari inaniletea chenji, lakini inayonilisha na kusomesha wanangu ni nondo. Ya milimita 12 ndiyo inayotoka kuliko zote.

Sasa kuna bwana mmoja alikuwa ananiletea nondo ya kutoka nje, nafuu kuliko ya viwandani kwetu. Sio nafuu ya kuulizana, unaiona kabisa. Wateja wakaizoea. Safari hii amekuja mikono mitupu, ananiambia "mama, ushuru umetubana, sichukui tena ule mzigo." Nimerudi kwenye nondo ya ndani na bei yake mteja akiisikia anavua kofia anajikuna kichwa.

Shemeji yangu anafanya kazi kiwandani Dar, yeye anasema serikali imechelewa, Wachina walikuwa wanatuua. Fundi wangu anasema wenye viwanda wanabebwa mgongoni na sisi ndio mgongo. Na kila bajeti ya Juni nasikia jipya: mara asilimia 25, mara dola kadhaa kwa tani, mara asilimia 35.

Naomba mwenye kujua anieleweshe, kwa lugha ya dukani, ya bungeni nimeishindwa. Nani mkweli kati ya hawa wawili?

FundiKichwangumu

Fundi wako mkweli. Viwanda vyetu ni mtoto wa miaka arobaini bado yuko titini. Ukimwachisha analia, serikali inamrudisha. Kwingine nipite tu.

MzeeWaTansadi

Dada Mama Nondo, salamu yako nimeipokea. Mimi ni mstaafu. Miaka minne ya ujanani nilikaa kiwandani, Barabara ya Pugu, halafu miaka 26 nikawa wakala wa forodha pale Dar es Salaam. Nimegongesha tansadi, yaani fomu za forodha, za chuma nyingi kuliko sahani za wali nilizokula. Kwa hiyo vumilia, nitakuwa mrefu.

Shemeji yako hajadanganya. China peke yake inatoa chuma karibu tani bilioni moja kwa mwaka, zaidi ya nusu ya chuma chote cha dunia. Ujenzi wa majumba kwao ulipopoa, matanuri hayakuzimwa. Ukizima tanuri umefukuza watu, na hakuna mkuu wa mkoa wa kule anayetaka hilo limtokee. Basi chuma kinatafuta mlango. Mwaka 2015 waliuza nje tani milioni 112. Kikashuka miaka ya katikati, na 2024 kimerudi juu ya milioni 110. Huyo ni mtu mwenye ghala lililofurika na mvua inakuja, na wewe ndiye jirani yake wa duka.

Wenyewe kule walikuwa na mchezo mmoja nauhadithia mpaka leo. Serikali yao ilirudishia wauzaji sehemu ya kodi wakiuza nje chuma cha aloi, yaani kilichochanganywa na kitu kingine, lakini chuma cha kawaida kikawa hakirudishiwi. Wakafanyaje? Wakatia boroni kiduchu. Kitabu cha forodha kinasema boroni ikifika asilimia 0.0008, chuma kinahesabiwa aloi. Sifuri nukta sifuri sifuri sifuri nane! Hata chumvi ya kuonja kwenye sufuria ya shughuli ni nyingi kuliko hiyo. Nondo ni ile ile, inapinda vile vile, ila kwenye karatasi imehama kutoka kifungu 7214 cha chuma cha kawaida kwenda 7228 cha aloi. Kodi ilikuwa inarudishwa kwa jina hilo, mpaka Januari 2015 walipolifuta rudisho la chuma chenye boroni. Baadaye, Mei 2021, wakafuta la aina nyingine 146 za bidhaa za chuma.

Sasa dawa. Kwa sheria ya biashara ya dunia, ukiona mtu anakuuzia chini ya bei anayouza kwake, unaruhusiwa kumtoza ushuru wa ziada. Tanzania ina sheria ya jambo hilo tangu 2004, Kenya wana yao ya 2017 na wakala wake kabisa. Lakini dawa hiyo ina masharti ya mganga. Uonyeshe bei ya kwao ni ipi. Uonyeshe kiwanda chako kimeumia. Uonyeshe kimeumizwa na mzigo ule, si na umeme wako au uzembe wako. Uchunguzi ni mwaka, ukizidi sana miezi 18. Nani wa kwetu atapanda ndege hadi Tangshan, mji wa chuma kule China, kuulizia nondo inauzwaje dukani? Wakati huo kiwanda kimeshafunga geti.

Ndiyo maana kwetu inatumika njia ya mkato, bajeti ya Juni. Afrika Mashariki tuna ushuru mmoja wa mali ya nje tangu 2005, wa ngazi tatu za asilimia: sifuri, 10, 25. Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne, asilimia 35, na bidhaa za chuma zimo humo. Ila kila nchi inaweza kuomba ruhusa ya mwaka mmoja itoze tofauti, inaandikwa kwenye Gazeti la Jumuiya. Ndizo kelele unazosikia kila Juni.

Na hapo kwenye "dola kwa tani" ndipo nilipokula mkate wangu, nikueleze vizuri. Kuna miaka bati letu la kutoka nje liliandikwa hivi: asilimia 25 au dola 250 kwa tani, ipi iliyo kubwa. Chukua mzigo wenye bei halali ya dola 600 kwa tani. Robo yake ni 150. Kwa hiyo ile 250 ndiyo kubwa, utalipa hiyo. Kwa nini wafanye vile? Kwa sababu ya ankara. Mtu ananunua kwa 600, anaandikiwa ankara ya 400, robo ya 400 ni mia moja, amekupiga. Ukimwambia 250 kwa tani, ankara aandike anavyotaka, mizani haisomi ankara.

Siku moja tuko yadi ya makontena, jua la saa nane, ofisa mmoja mama wa makamo anakagua koili za bati la rangi. Anaangalia ankara, anaangalia koili, anarudi kwenye ankara. Bei iliyoandikwa ilikuwa chini ya bei ya chuma kitupu ambacho hakijapakwa hata zinki. Akamgeukia mteja wangu: "Na rangi walikupaka bure?" Watu tukacheka, mteja hakucheka. Alilipa.

Kwa hiyo kwa uongo wa ankara, ushuru wa tani ni dawa nzuri. Lakini ina tundu, na tundu hilo linaishia dukani kwako. Forodha wanapima kwa tani, wewe unauza kwa kipande.

Nondo ya 12 ya kweli, yenye urefu wa mita 12, ina kilo 10.66. Fomula ya mafundi: kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita. Tani moja ni vipande 93 au 94. Mjanja akiifinya iwe 11, kipande kinakuwa kilo 8.96 na tani inatoa vipande 111. Vipande 17 vya bure! Na ushuru wa kila kipande umepungua, maana chuma kimepungua. Bati ni hivyo hivyo: tani ya bati la milimita 0.3 ni mita za mraba 425, la 0.2 ni 637. Ukipandisha ushuru wa tani bila kumsimamia mtu wa mizani na kipimo, umemwambia mfanyabiashara kwa Kiswahili fasaha: lete jembamba.

Nina swali basi, dada. Ile nondo ya yule bwana, uliwahi kuipima?

Kamukunji_Mtaani

Mzee umenena, heshima zako. Mimi niko Nairobi, nafua sanduku za shule na majiko pale Kamukunji, kelele unaisikia mpaka Country Bus.

Huku kwetu walileta ushuru mwingine juu ya ushuru. Sheria ya Fedha ya 2023, asilimia 17.5 kwa bileti, yaani mapande ya chuma ya kuvutwa kuwa nondo, na nondo za kuviringishwa zinazoingia. Jina ni tamu, ati ya kukuza uwekezaji na mauzo ya nje. Swali ni hili: bileti ni ya nani? Mwenye tanuri anayeyusha chuma chakavu, anamwaga bileti zake, huyo alishangilia. Mwenye kiwanda cha kuvuta nondo lakini hana tanuri, hununua bileti nje, huyo alilia. Wote ni Wakenya, wote wameandika watu kazi, wote wanasema "tulinde". Serikali ikilinda mmoja imechapa mwingine.

Na sisi wa nyundo hatukuulizwa. Mimi shiti ya bati ikipanda siwezi kwenda kwa waziri. Napunguza ukubwa wa sanduku nusu inchi kila upande, mzazi asinione.

Halafu usisahau Januari 2022, Rais Uhuru alipopiga marufuku biashara ya chuma chakavu kwa sababu ya watu kuangusha nguzo za stima. Ilifunguliwa Mei. Miezi hiyo yote hao hao wenye matanuri wangetoa wapi chakula ya tanuri?

MzeeWaTansadi

Kijana wa Kamukunji umegonga msumari wenyewe, na mimi niliuruka. Chuma ni ngazi. Jiwe la chuma au skrepa, halafu bileti, halafu nondo. Upande wa bati: koili nyeusi, koili ya zinki, bati la mgongo. Bidhaa ya wa chini ni malighafi ya wa juu. Ukisikia "tumelinda viwanda vya chuma" uliza ngazi ya ngapi. Nimewahi kukaa ukumbini, wenye viwanda wawili wa ndani wakataka kukunjana mashati, mmoja anataka koili iwe sifuri, mwenzake anataka iwe 25. Aliyetoka China hakuwepo hata mlangoni.

Ngazi ya chini kabisa sisi Watanzania tunayo, haina ngazi ya pili. Chuma kiko Liganga, makaa ya mawe yako Mchuchuma, yote wilaya ya Ludewa. Mkataba wa NDC, Shirika letu la Maendeleo la Taifa, na kampuni ya Kichina ya Sichuan Hongda ulisainiwa 2011. Mpaka naandika hapa nondo ya Liganga sijaiona dukani. Kwa hiyo tunachokiita kiwanda cha chuma kwa sehemu kubwa ni skrepa na umeme. Mimi nilikuwepo zamu ya usiku umeme ulipokatika tanuri limejaa. Kelele zote zinakufa mara moja, mnabaki mnasikiana mnavyopumua, na chuma kinabadilika rangi mbele ya macho yenu, chekundu, chekundu cha damu, halafu kijivu. Kimeganda. Kesho yake ni nyundo na moto wa gesi kukitoa, na matofali ya tanuri yanatoka nacho. Hasara hiyo hakuna asilimia ya Juni inayoirudisha.

FundiKichwangumu

Mzee maneno mengi. Mbona Trump kaweka 50 na dunia haijaisha? Weka 50, watu wajenge matanuri, tumalize.

MzeeWaTansadi

Kweli, Juni 2025 kapandisha hadi 50, kutoka 25 aliyoanza nayo 2018. Lakini Wamarekani hawakuanza na yeye. Machi 2002 Rais Bush alitangaza ushuru hadi asilimia 30 kwa vyuma vingi, wa miaka mitatu. Ulikaa miezi 21. Wanaotengeneza vyuma walifurahi, wanaovitumia, wa vipuri na mashine, ambao ni wengi mno kuliko hao wa kwanza, wakapiga kelele. Shirika la Biashara la Dunia likasema haujafuata taratibu, Ulaya wakaandaa orodha ya kulipiza, na humo wakatia machungwa ya Florida, jimbo ambalo mdogo wake Bush alikuwa gavana! Desemba 2003 akauondoa.

Halafu wewe fundi, Marekani ana matanuri tayari. Ukiweka 50 ukiwa nayo, unalinda kitu. Ukiweka 50 hatua ambayo huna kiwanda, unamtoza mama anayemalizia chumba na sebule.

Mtanga_Yorkshire

Shikamoo mzee. Mimi ni wa Tanga, sasa naendesha lori huku Uingereza. Mizigo yangu mingine hupita Scunthorpe, mji wa kiwanda cha British Steel.

Nilichokiona Aprili mwaka 2025 sijawahi kukiona. Kiwanda kile kilikuwa cha Wachina, kampuni ya Jingye, tangu 2020. Wakasema wanapata hasara kila siku, wakataka kuzima matanuri mawili yaliyobaki yanayotengeneza chuma kutoka kwenye jiwe. Matanuri yale yana majina ya malkia, Queen Anne na Queen Bess, wenyeji wanayataja kama mashangazi zao. Basi Bunge likaitwa Jumamosi, tarehe 12, wabunge wako likizo ya Pasaka! Sheria ikapita siku hiyo hiyo, serikali ikapewa mamlaka ya kuamuru kiwanda kiendelee, na makaa yakakimbizwa kutoka bandari ya Immingham. Kwa nini haraka? Ni hilo hilo alilosema mzee: tanuri likipoa limekufa.

Nilichojifunza mimi ni kuwa hawa wanaotufundisha soko huria, likifika jambo la chuma hawangoji Juni.

MzeeWaTansadi

Marahaba mwanangu. Hapo umenifunga goli, sina jibu la hilo. Ila wenzetu wa Ulaya kinga yao ya 2018 waliifanya kwa mafungu: kiasi fulani kwa kila aina ya chuma kiingie kawaida, kikizidi hapo ndipo asilimia 25 ilipokuwa ikianza. Mwenye kiwanda akapumua, na fundi wa chini hakukosa mali. Na kinga ya namna hiyo kisheria ina mwisho, miaka minne, ukiongeza sana ni minane. Hapo ndipo nakubaliana kidogo na huyu Kichwangumu. Sisi ruhusa yetu ni ya mwaka mmoja, ikifika Juni tunaiomba tena, na ya Juni nyingine tena. Jirani yangu mwekezaji aliniambia hawezi kukopa benki ya miaka saba kwa ushuru wa miezi kumi na mbili. Na mwenye uvivu naye haambiwi lini ataachishwa ziwa.

Mama Nondo umekaa kimya. Umepima?

MamaNondo_Moro

Nimepima mzee. Shikamoo kwanza, juzi nilikuja mbio sikusalimia.

Nilikuwa na vipande vilivyobaki vya yule bwana, nikavifunga kumi kumi, nikaazima mizani ya magunia kwa jirani wa mpunga. Vijana wameshika huku na huku, mpaka wapita njia wakasimama. Kumi za ya nje: kilo 91. Kumi za kiwanda cha Dar nilichorudi kununua: 106. Nikasema basi, mzee kashinda, ya ndani ni ya kweli. Halafu nikakumbuka kuna lundo jingine kule nyuma, la ndani hili hili, liliingia bila lebo na risiti yake ni ya kuandikwa kwa mkono. Kumi: kilo 94.

Usiku nikakaa na kikokotoo. Kwa kipande, ile ya nje ilikuwa nafuu. Nikigawanya kwa kilo, tofauti iliyobaki ni ya kununua soda. Miaka miwili najisifu kwa wateja nina bei nzuri.

Lile lundo la nyuma nimeliwekea turubai, siuzi. Lakini kuna mwalimu mmoja mwezi wa tatu alichukua vipande mia mbili za ile ya nje, anapandisha ghorofa moja, anajenga kwa mshahara kidogo kidogo. Sijalala vizuri. Nimpigie simu nimwambie nini?

MzeeWaTansadi

Marahaba dada. Chini ya kilo 10 kwa kipande hiyo si 12, kwa kiwango chochote ninachokijua.

Mpigie leo. Kabla hujamwambia chochote muulize kama ameshamwaga zege la slabu.